Ndege wa Mzee Makhanu

Maji ya beseni yalikuwa mekundu, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kukagua vidole vyangu kama nimejikata. Sikuwa nimejikata. Nilikuwa nimeloweka kofia ya reli ya baba mkwe wangu, kofia ya buluu yenye grisi ya miaka arobaini, katika sabuni ya unga na magadi kidogo, kwa sababu grisi haitoki kwa kubembelezwa. Nikaiinua. Buluu ilikuwa palepale. Kilichotoa rangi ni unyoya uliochomekwa kwenye utepe wa kofia. Uliingia ndani ya beseni ukiwa mwekundu kama damu ya kuku. Ulitoka ukiwa na rangi ya fizi za mgonjwa.

Mimi nina diploma ya upishi. Ndimi mkuu wa jiko katika shule ya wasichana mia nane, na magadi nayajua: yanalainisha maharagwe makavu, yanaokoa kuni. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba yanayeyusha ndege.

Nilimpelekea kofia ikiwa bado inadondoka maji. Mzee Makhanu alikuwa ameketi nje ya chumba chake cha mabati, uso ameuelekeza kwenye jua. Akaupapasa unyoya kwa kidole gumba, akausogeza hadi karibu na jicho la kulia, lile ambalo lilikuwa bado na kitu, akaugeuza huku na huku. Kisha akauambia ukuta:

"Wenye nyumba wamefua."

Basi. Afadhali angenitukana.

Lazima nieleze habari ya ukuta. Mimi ni Wachuka, mzaliwa wa kijiji cha Bahati, na kwetu baba mkwe ni mzee wa kuheshimiwa tu, unamsalimia kwa mkono, unampa chai, maisha yanaendelea. Lakini niliolewa na Makokha, Mbukusu aliyezaliwa mtaa wa Bondeni, kwenye nyumba za baraza la mji, na katika ukoo wao mke wa mtoto na baba mkwe ni kama nyaya mbili za umeme. Hawagusani. Hawapeani mikono, hawaketi kiti kimoja, na mzee hawezi kulala chini ya paa la mwanawe. Ndiyo maana mama mkwe alipofariki na tukamtoa mzee Bondeni kuja kuishi nasi Bahati, tulimjengea chumba chake, hatua kumi kutoka mlango wa jikoni. Mzee Makhanu aliongeza sheria yake mwenyewe: hakusema nami moja kwa moja. Aliongea na ukuta, na mti wa parachichi, na kuku. "Wenye nyumba wamesahau chumvi." "Wenye nyumba watafunga lango?" Mimi nilimjibu yeye, siyo kuku, nikimwita Baba, kwa sababu sina muda wa kuzungumza na kuku.

Kosa la kugusana husafishwa kwa kondoo, wazee na maneno mengi. Wifi yangu Edinah, aliyeolewa Webuye, alikuwa mlinzi wa sheria hizo kwa njia ya simu. Kila Jumapili alitaka kujua nani anamfulia Baba, nani anampelekea maji ya kuoga, na maji yanawekwa wapi.

"Kwa stuli, Edinah. Naweka kwa stuli naenda."

"Mbali na mlango?"

"Nikiweka mbali zaidi ataogea kwa jirani yetu Muiruri."

Unyoya ule aliupata Longonot, mwaka wa sabini na nane, akiwa mpiga bendera kwenye stesheni. Behewa la mbao lilisimama kungoja treni nyingine ipite, naye akauona umenasa kati ya magogo. Msimamizi wa shehena akamwambia ni wa ndege wa misitu ya juu huko. Vitabu vya Kiswahili humwita shorobo. Ndege wa kijani, alimwambia, akitua utadhani ni majani, akiruka utadhani msitu umeshika moto, kwa sababu wekundu wote ameuficha ndani ya mbawa. Hiyo sentensi niliisikia, bila kutia chumvi, mara mia mbili. Mzee alimsikiliza ndege huyo kila alipopata likizo, akajua kukoroma kwake, kule kwa sauti ya mtu anayesafisha koo kanisani. Kumwona, hakumwona. Alikuwa na kazi, kisha alikuwa na watoto, kisha alikuwa na mke mgonjwa. Wakati haya yote yalipokwisha, macho nayo yakaanza kwisha.

Kama angekuwa ameomba kitu kingine, ningempa siku hiyo hiyo. Redio, blanketi, nyama ya Jumapili. Aliuambia mti wa parachichi kwamba kwa kuwa unyoya umekufa, afadhali sasa amwone mwenyewe.

"Nitakupeleka Jumamosi, Baba," nikasema.

Zikapita Jumamosi kumi na moja. Sijitetei. Kulikuwa na wakaguzi wa shule, kulikuwa na mahindi yaliyokuja na ukungu ikabidi nigombane na mwuzaji hadi jioni, kulikuwa na siku ya wazazi. Kila Ijumaa alipiga viatu vyake rangi. Kila Jumamosi saa nne nilimkuta bado amevaa, ameshika fimbo, ananiambia kupitia kuku kwamba labda mvua itanyesha. Mtu akikulaumu unaweza kujibu. Mtu akikupigia viatu rangi utamjibu nini?

Kisha tukaenda kliniki ya macho. Daktari, msichana mdogo mwenye subira, alimpima macho yote mawili. Alichomoa kijazo cha kalamu yake, akanipa lile ganda tupu nichungulie.

"Hivi ndivyo anavyoona, kwa jicho moja lililobaki," akasema. "Kilicho ndani ya tundu anakiona vizuri. Nje ya tundu hakuna kitu. Na tundu linafungwa. Dawa ya matone anaweka?"

Dawa ya matone. Alitakiwa kuwekewa asubuhi na jioni. Mimi, ambaye nimeshawahi kumtoa msichana mfupa wa samaki kooni kwa kidole, sikuruhusiwa kumfungua kope baba mkwe. Alijiwekea mwenyewe, akiwa amelala chali kwenye benchi, na nilikuwa nikiangalia kutoka dirisha la jikoni tone baada ya tone likishuka shavuni hadi sikioni. Naliaka binti yetu, ambaye kama mjukuu angeweza kumshika babu yake mpaka achoke, alikuwa chuoni Kisii. Makokha alikuwa kwenye shamba la maua Naivasha, akija nyumbani mwisho wa mwezi.

"Limebaki na muda gani?" nikauliza.

"Miezi. Labda mitatu, labda minne."

Nilirudi nyumbani nikampigia Makokha.

"Nampeleka msituni Jumamosi hii. Hata kama shule itaungua."

"Vizuri, mama."

"Na nikihitaji kumshika?"

Nilisikia pampu za maji nyuma yake.

"Usimshike," akasema. "Tumia fimbo."

Hiyo ndiyo ndoa. Unauliza swali la maana unaambiwa tumia fimbo.

Msitu uko juu ya Bahati, umbali wa nusu saa kwa gari langu kuukuu. Mzee aliketi kiti cha nyuma, upande wa kushoto, pembeni kabisa, kama mzigo ulioombwa usimchafue dereva. Getini tulimkuta Hiram, skauti wa msitu, mwanamume wa miaka hamsini aliyejua kila ndege na kila mwizi wa kuni kwa jina. Nilimwambia tunataka nini. Akamtazama mzee, akanitazama mimi, akauliza kwa nini nimeshika ncha moja ya fimbo na mzee ameshika nyingine kama watu wanaobeba nyoka.

"Ni mkwe wangu," nikasema.

"Pole," akasema, na sikujua alikuwa akimpa nani.

Siku hiyo ya kwanza ilinyesha. Tulisimama chini ya mti wa msanduku kwa saa mbili, mimi upande huu, mzee upande ule, Hiram katikati akitafuna kijiti. Hatukuona hata kunguru.

Jumamosi iliyofuata mbingu ilikuwa safi, na Hiram alitupeleka kwenye bonde dogo ambako miti ya asili ilibaki, mbali na ile mivinje ya kupandwa iliyosimama kwa mistari kama wanafunzi paredi. Kulikuwa na muiri mkubwa uliojaa matunda. Hatukukaa robo saa. Ndege alikuja kweli. Nilimwona mimi, ambaye sikumtaka: kitu cha kijani kikirukaruka juu ya tawi kama panya aliyevaa sare.

"Mzee, fuata kidole changu," Hiram akanong'ona.

"Kidole kipi?"

"Hiki hapa."

"Kijana, ningekuwa naona kidole ningekuwa naona ndege."

Hiram akamshika kichwa, akakigeuza, lakini Hiram alikuwa mrefu na mzee mfupi, na tundu la kalamu likawa linaangalia mti wa pili. Ndege alikula, akapangusa mdomo kwenye gome, akaenda zake nyuma ya majani. Alikuwa amekaa pale wazi muda mrefu zaidi ya wakaguzi wa shule.

"Umeona, mzee?" Hiram aliuliza, akiwa tayari ametabasamu, kama mtu anayemuuliza mgeni ikiwa ameshiba.

"Sijaona."

"Hata rangi kidogo?"

"Sijaona," mzee akasema. "Treni ambayo haijapita huandiki kwamba imepita."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na hasira, na sikujua imwangukie nani. Nilimkasirikia Hiram kwa urefu wake. Nilimkasirikia Makokha, na Edinah, na wazee wote wa ukoo huko Bungoma waliokaa mahali wakaamua kwamba mwanamke atamfulia mzee nguo zake, atampikia, atamzika, lakini asimguse kidevu. Nilimkasirikia mzee zaidi ya wote. Aliketi kule nyuma akishika kofia yake magotini, na hakuwa hata na adabu ya kuonekana amehuzunika.

Jumamosi ya tatu ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa sita. Baridi ilikuwa imeshuka kutoka milimani ikakaa. Usiku wa kuamkia siku hiyo mzee alijigonga kwenye mlango wake mwenyewe, na asubuhi alikuwa na uvimbe juu ya nyusi, upande wa jicho zima. Nilimuuliza kama bado anaona.

"Wenye nyumba wawashe gari," akauambia mti.

Tulifika bondeni kabla jua halijagusa vilele. Hiram alituweka mahali pazuri, gogo la kuegemea, mti wetu ukiwa wazi mbele. Kisha tukasikia shoka. Kulikuwa na wanawake wa kuni ng'ambo ya kilima, waliolipa ada yao ya mwezi na wenye haki ya kuwa pale, wakipasua na kucheka kana kwamba wako harusini.

"Nikawaombe watulie kidogo," Hiram akasema. "Dakika kumi. Mathe, usiondoke hapa."

Ningeondoka niende wapi? Akapotea kati ya miti. Tukabaki wawili, mimi na Mzee Makhanu, na fimbo.

Ndege akaja Hiram akiwa hajamaliza hata dakika mbili.

Kwanza tulisikia lile koo likisafishwa. Mzee akainua kichwa. Halafu matawi yakatikisika na huyo hapo, chini zaidi kuliko siku ile, kwenye tawi lililo wazi, karibu kiasi kwamba niliona akimeza.

"Yuko mbele, Baba. Kushoto."

Akageuza kichwa.

"Umepita. Rudi. Juu kidogo. Juu. Hapana, hiyo ni juu sana. Teremka."

Nimewahi kumwelekeza dereva wa lori la mahindi kurudi nyuma kwenye lango la jikoni, na ilikuwa hivyo hivyo, isipokuwa lori lina vioo. Nikachukua fimbo nikailaza begani mwake, nikiilenga kwenye mti kama bunduki. "Fuata fimbo." Akafuata fimbo. Macho yake yalifika mwisho wa fimbo, yakaendelea, yakaenda kukaa juu ya mvinje mtupu, yakang'ang'ania pale kwa heshima yote, yakingoja. Machozi ya baridi yalikuwa yakimtoka. Nyuma ya kilima shoka zilinyamaza. Nilijua Hiram yuko njiani, na nilijua jinsi anavyokanyaga.

Nikaangusha fimbo.

Nilimshika baba mkwe wangu taya kwa mikono miwili. Kichwa chake kilikuwa chepesi kuliko nilivyotarajia, mifupa na ndevu za siku mbili, na masikio baridi kama vyombo. Alikakamaa mwili mzima. Nilisimama nyuma yake, nikainama mpaka shavu langu likawa sawa na sikio lake, nikaangalia pale macho yake yalipopaswa kuangalia, na nikakigeuza kile kichwa jinsi ninavyogeuza sufuria ya uji iliyojaa: polepole, na bila kumwomba ruhusa. Kushoto. Kushoto tena. Chini kidogo.

Akaacha kupumua. Hapo nikajua ndege ameingia ndani ya tundu.

Yule ndege alichuma tunda, akalirusha nyuma ya koo, akachuma lingine. Nilihisi koo la mzee likipanda na kushuka kwenye vidole vyangu.

"Ana doa jeupe," akasema taratibu. "Karibu na jicho."

Alikuwa nalo. Mimi mwenyewe sikuwa nimeliona.

Ndege akasogea hatua mbili kwenye tawi na mimi nikamsogeza mzee hatua mbili. Kisha nikakumbuka mikono yangu iko wapi. Nikakumbuka kondoo, na wazee, na Edinah, na jinsi nitakavyoitwa. Nikaanza kulegeza.

"Bado," akasema.

Hakuuambia mti. Hapakuwa na kuku.

Basi nikashika. Sijui ni muda gani, mgongo wangu ulikuwa umeanza kuuma. Tuliposikia buti za Hiram kwenye majani makavu, ndege alisikia pia. Akajikunyata, akaruka, na kila kitu alichokuwa amekificha kikafunguka, mbawa mbili nyekundu kabisa, na akavuka bonde kutoka kushoto kwenda kulia mbele yetu. Nilimzungusha mzee kufuata. Nilikaza kichwa chake, macho yasitoke nje ya ule mstari, nikageuka naye mpaka viatu vyake vilivyopigwa rangi vikasota matopeni, mpaka ule wekundu ukaingia kwenye mivinje ukazimika.

Nikamwachia. Nikaokota fimbo, nikaipangusa kwa leso, nikamwekea ncha yake mkononi.

"Mmemwona?" Hiram aliuliza akihema.

"Mzee amemwona," nikasema.

Hiram alimtazama mzee, ambaye alikuwa akitabasamu kwa mti usio na kitu. Kisha alitazama matope, alama za viatu vyake na vyangu, jozi moja nyuma ya nyingine kama za mtu mmoja mwenye miguu minne. Ni mtu mzima. Akasema twende, chai inapoa getini.

Njiani nilikuwa nikipanga maneno. Nitamwambia Makokha mwenyewe, leo leo. Kondoo nitanunua mimi. Nitakaa mbele ya wazee, nitasema ndiyo, nilimshika, na kama jicho lingekuwa la baba yenu mngefanya nini, na hapo kwa kawaida ndipo mambo huharibika, mimi ninapouliza maswali.

Jioni Edinah akapiga. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, siyo Jumapili, kwa hiyo Makokha, ambaye kwa simu nilikuwa nimemfikisha kwenye ndege tu, bado sijafika kwenye mikono, alikuwa ameshamwambia habari ya msitu. Nilimpelekea mzee simu nikaiweka kwa stuli, sauti ikiwa wazi, nikasimama hatua mbili na bakuli la maharagwe.

"Baba, nasikia umemwona yule ndege."

"Nimemwona."

"Ulimwona namna gani na macho hayo?"

"Alikaa mbele yangu. Ana doa jeupe hapa." Akajigusa shavu, kana kwamba Edinah anaweza kumwona.

"Nani alikuonyesha?"

"Askari wa msitu."

"Na Mama Naliaka alikuwa wapi?"

Nikaweka bakuli chini. Mzee Makhanu alikunja mikono juu ya fimbo.

"Ndani ya gari," akasema. "Alikataa kutoka. Alisema kuna baridi."

Niliposikia kelele za Edinah, wacha niseme ukweli, sikushukuru. Nilitaka kumnyang'anya ile simu. Mtu amevunja mgongo, ametumbukiza viatu kwenye matope, amehatarisha jina lake kwa ukoo mzima, na sasa ndiye mvivu aliyewasha hita huku kipofu akijikwaa kwenye mizizi. Nikamtazama. Alikuwa amegeuza uso upande wangu, au karibu na upande wangu, akakosea kwa kiasi cha mkono mmoja. Nikachukua bakuli langu nikaingia jikoni.

Tundu lilifungwa mwezi wa tisa, wiki moja kabla ya miezi mitatu kutimia. Hakulalamika. Anasema bado analo lile doa jeupe, na ule wekundu, na kwamba vimekaa vizuri, havichafuki.

Hadithi ya gari, kwa upande wake, ilikua na afya. Ilifika Webuye, ikavuka hadi Kimilili, ikaongezwa soksi na chupa ya chai. Desemba iliyopita tulikwenda kwao sote kwa sherehe ya mtoto wa Edinah. Nilikuwa nimekaa na wanawake wa ukoo tukikata vitunguu vya watu mia mbili, na nilikuwa nimeshawapanga kwa mistari, wa kumenya huku, wa kukata kule. Mzee Makhanu alikuwa ng'ambo ya uwanja na wanaume, umbali unaotakiwa. Shangazi yao Nanyama, mwanamke mzee mwenye ulimi unaokata kuliko visu vyetu vyote, akaniangalia kutoka juu hadi chini.

"Kumbe ni wewe," akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye ng'ombe. "Wewe ndiye yule alimwacha mzee aende msituni peke yake, akakaa ndani ya gari?"

Wanawake wakaacha kukata. Ng'ambo ya uwanja mazungumzo ya wanaume yalififia, na nikaona kofia ya reli, ile iliyofuliwa vizuri, ikiinuka na kusimama.

"Kulikuwa na baridi, shangazi," nikamjibu. "Na viatu vyangu vilikuwa vipya."